Simu ya Rwema Bado Inapiga Picha

"Usifute!"

"Mama, huko juu kumejaa. Nisipofuta, hakuna picha mpya itapanda."

"Ongeza nafasi."

"Ya kuweka nini? Viatu? Kila asubuhi picha ya viatu!"

"Ni viatu vya nani?"

Nilijua. Vilikuwa vya Rwema, mtoto wake. Gari ilimgonga pale kwenye makutano ya Sonatubes, hapa Kigali, akiwa kwa pikipiki, akafa, na simu yake ikaokotwa na mtu tusiyemjua kabla polisi hawajafika. Haikuwa na namba ya siri.

Mimi ni fundi wa simu, niko na duka mtaa wa Remera. Simu za bei ndogo hazibebi kitu, kwa hiyo picha tunazituma kwenye wingu, huko mtandaoni. Na sisi mafundi tuko na tabia yetu: watu wa nyumba moja tunawafungulia imeili moja, basi. Mama Rwema na mtoto wake niliwafanyia hivyo. Picha ya huyu, yule anaiona.

"Mama, Rwema hazioni hizo picha."

"Nimemzika mimi, unanifundisha nini? Namtumia yule aliyechukua simu."

Akanipokonya simu, akanionyesha. Kijana simjui, meno nje, chupa ya bia mkononi. Halafu viatu vya Rwema. Kijana tena, anacheka kidogo. Kitanda cha Rwema, kimetandikwa. Kijana, hacheki. Sahani ya Rwema, iko na chakula, hakuna mtu ameigusa. Halafu ukuta mtupu. Halafu giza, kama mtu amefunika kamera na kidole.

Nikamrudishia simu.

"Kwa nini huyo kijana haitupi tu hiyo simu?"

"Muulize."

"Niache nimfungie nje ya hiyo imeili, ni kubonyeza tu. Hii sura tunapeleka polisi."

"Polisi watamuuliza simu. Mimi nataka kumuuliza kitu kimoja: mtoto wangu alisema nini kabla hajafa. Yeye ndiye alikuwa pale. Ukimfunga, Ganza, umenifunga mimi."

Ningefanya nini? Nikaongeza nafasi. Viatu vya asubuhi hiyo vikapanda. Tukabaki tunaangalia kioo cha simu, hata mteja aliyeuliza chaja sikumjibu.

Picha ikashuka.

Geti ya bluu. Imepigwa kutoka nje, karibu sana, mpaka kutu inaonekana.

"Hapa ni wapi?"

"Kwangu. Kagugu."

Picha za simu zinabeba mahali zilipopigwa. Jamaa alikuwa anazisoma siku zote hizo.

"Mama, usiende peke yako. Humjui yule. Ngoja nifunge duka."

Simu ikalia tena kidogo. Geti ile ile, sasa iko wazi nusu, na chini, kwenye saruji ya ndani, kivuli cha mtu amechuchumaa.

Mama Rwema aliiangalia, akajifunga kitenge vizuri. Hakuniaga. Aligeuka, akaenda upande wa kituo cha basi, polepole, kama mtu anayejua atangojewa.