Kiganja Kwenye Kioo

Mume wangu alikuwa fundi saa, na dirisha la chumba chake cha kazi halikufunguliwa hata siku moja. Aliogopa vumbi. Chembe moja tu, alisema, na saa ya mtu inakufa. Humo humo ndani alishinda akivuta sigara ya umeme, moshi mzito wenye harufu ya stroberi, mpaka ukiingia humwoni fundi wala saa.

Nilimsema mpaka mdomo ukachoka. Alinijibu kwamba ni mvuke tu, kama wa birika, na hewa haiharibiki. Lenzi yake ilipofanya utando wa kunata, akasingizia mafuta ya jikoni kwangu. Kwa ubishi, yule bwana hakuwa na mfano. Kitu kimoja tu alikubali: binti yetu aliposhika mimba, aliapa kwamba mjukuu akija, atatoka nje kuvuta.

Hakumsubiri. Moyo wake ulisimama ghafla, na daktari hakuilaumu sigara.

Jana binti alinipigia simu. Mtoto, aliyezaliwa kabla ya siku zake, ameruhusiwa kutoka hospitali, ila kifua bado dhaifu na wauguzi wamesisitiza alale penye hewa safi. Wangekuja kukaa kwangu, na chumba cha kuwapa kilikuwa kimoja tu, kile cha kazi cha marehemu. Nikaingia na ndoo, sabuni na matambara. Ukutani, mezani, hadi kwenye balbu, kila mahali palinata. Maji yakageuka rangi ya chai. Kumbe nilikuwa sahihi miaka yote hiyo, na sasa sina wa kumtambia. Nililia kuliko nilivyolia siku ya mazishi.

Dirisha nililiacha mwisho. Katikati ya utando palikuwa na alama ya kiganja chake, vidole vyote, pale alipozoea kuegemea akichungulia wateja. Binti alifika na mtoto kifuani, akaiona, akasimama.

"Mama, hiyo iache. Nakuomba."

Nilitamani kumkubalia. Niliweka kiganja changu juu ya kile cha baba yake, nikakaa hivyo mpaka mtoto akakohoa.

"Haya, mzee," nikasema. "Mjukuu amekuja. Toka nje."

Nikafuta. Komeo la dirisha lilikuwa limeganda, ikabidi nilivute kwa mikono miwili.