Kinanda Kipya cha Zamani

Kinanda cha usharika wetu hapa Njombe kilikuwa cha zamani, chenye vitufe vya kuzungusha kama redio. Baridi ya Juni ilikishusha sauti ikawa nzito katikati ya wimbo. Tulikifunika blanketi, tukakiwekea jiko la mkaa pembeni kama mama aliyejifungua jana, lakini wapi! Kikishuka, nasi tunashuka nacho.

Kilipokufa, mimi mpigaji nilitaka cha kisasa. Mzee Yoramu, mwalimu wa kwaya, akagoma: anataka kilekile. Kwa bahati mbaya, kiwanda kilikuwa kimeanza kutengeneza tena vya aina hiyo. Kikaja kipya, sura ileile, hadi vitufe.

Jumapili ya kwanza, ubeti wa pili, kwaya nzima ikateremka sauti kwa mazoea. Kinanda kikabaki palepale. Waumini wakatukodolea macho kana kwamba tunagombana madhabahuni.

"Kibovu hicho!" Yoramu akanifokea baada ya ibada. "Hakishuki!"

"Ninyi ndio mlioshuka, mwalimu!"

"Tumeshuka miaka yote, hakuna aliyelalamika."

Nikaondoka nimenuna. Jumapili iliyofuata nikakikuta uani, kimelazwa kwenye umande bila hata kitambaa. Yoramu amesimama kando, amejifunika blanketi lake.

"Kiache," akasema. "Kizoee Njombe kwanza."