Mgomba wa Japhet

Elieth alikuwa mtu wa kutaka jambo liishe. Akianza kupukuchua maharage halali mpaka gunia lijae, na ugomvi wa majirani anataka usuluhishwe leo leo. Mtu wa namna hiyo ndiye aliyepewa mtihani usiokuwa na mwisho. Wallahi, hata mimi ninayesimulia nilimwonea huruma.

Mwanawe wa pekee wa kiume, Japhet, aliondoka kijijini Busunzu mwaka 2012, akiwa utingo wa lori lililokuwa likivuka mpaka wa Manyovu kwenda Burundi. Alipiga simu mara chache, kisha akawa hapatikani. Mwaka mzima Elieth alimpakulia ugali kila jioni, na asubuhi akaumwaga kwa kuku.

"Nikijua amekufa nitalia, nitanyamaza," alimwambia binti yake, Loyce. "Hivi nilivyo, hata kulia sijui nianzie wapi."

Akapanda gari hadi Manyovu. Akauliza madereva, akauliza wabadilisha fedha, mpaka mmoja wao akamwambia kwamba ng'ambo kuna lori lilipinduka mtoni, utingo akafa, akazikwa huko huko. Jina? Hakulijua. Kijana tu. Basi Elieth hakuuliza tena, hata rangi ya lori hakuuliza. Alirudi nyumbani na msiba wake, na njia nzima alihisi mwili mwepesi.

"Vijana ni wengi, mama," Loyce alisema.

"Sasa unataka nikae hivi mpaka lini?"

Ungekuwa wewe ungemjibu nini?

Kwao, mtu aliyefia mbali asionekane huzikwa kwa shina la mgomba. Linavishwa sanda, linafukiwa, watu wanalia, tanga linaanuliwa. Ila shina liwe la mgomba uliokwisha kuzaa, tena likatwe pasipo mizizi. Elieth alivyomharakisha shemeji yake Bazilio, mzee wa watu akang'oa mgomba mchanga mzima mzima, na shimo lenyewe wakalichimba fupi. Elieth alilia mpaka sauti ikamkauka. Tanga lilipoanuliwa alilala usingizi ambao hakuwa ameuonja kwa muda mrefu, na sahani ya Japhet akaigawa.

Mvua zilipoanza, kaburi likachipua.

"Shemeji, kosa ni langu," Bazilio alisema kwa aibu. "Lakini pengine..."

"Pengine nini? Umezika mzizi, umeota. Ungezika kiazi kingeota vilevile."

Akalikata lile chipukizi kwa jembe. Likaota tena, akalikata tena, ikawa kazi yake kama palizi nyingine. Tangu hapo aliyemletea habari ya uhai wa Japhet alikuwa adui. Dereva mmoja alisema amemwona mtu anayefanana naye kule Burundi. Elieth akamhoji kimo, meno, mwendo, sauti, mpaka dereva mwenyewe akaona labda aliota. Na ndiye Elieth huyo huyo aliyeridhika na "kijana tu". Makubwa!

Mwaka 2015 mambo ya Burundi yakachafuka, watu wakamiminika kupitia Manyovu. Siku moja simu ya Elieth ikaita. Alikuwa Khamisi, mfanyabiashara wa Kasulu aliyezoea kuja Busunzu kununua maharage.

"Mama Japhet, kaa chini kwanza. Niko hospitali huku Kasulu. Mwanao yuko mbele yangu. Amevuka na wakimbizi, na hali yake si nzuri. Haya, zungumza naye."

Ikaja sauti dhaifu. "Mama. Ni mimi. Nisamehe kwa kukaa kimya. Njoo unione."

Elieth aliijua. Tusidanganyane, aliijua kabla neno la kwanza halijaisha, akaegemea ukuta. Na papo hapo akili ikaanza kazi yake. Matapeli wa simu wamejaa. Khamisi naye huenda amedanganywa. Na kama huyu ni Japhet kweli, basi kungoja kunaanza upya: kukaa pembeni ya kitanda bila kujua atapona au atakufa. Hakuwa na nguvu ya kutojua tena.

"Mwanangu nilimzika," alisema. "Usipige tena."

Akakata, akazima simu.

Loyce alisikia yote. Kesho yake alifunga kanga akaenda Kasulu peke yake. Aliporudi alikuwa kwenye gari la Khamisi, na nyuma kulikuwa na jeneza.

Elieth akataka lifunuliwe. Akamtazama mwanawe muda mrefu, bila yowe. Bazilio alipouliza wachimbe wapi, akamwonyesha pale penye chipukizi. Kisha akamgeukia Khamisi.

"Alisema nini?"

"Alikuwa anakuulizia. Kila gari likiingia anauliza kama ni wewe." Khamisi aliinamisha uso. "Nilimdanganya, mama Japhet. Nilimwambia mtandao unasumbua, hukumsikia. Akafurahi. Akasema, basi mpigie tena."

"Ukapiga?"

"Nilipiga sana," Khamisi alisema. "Ulikuwa hupatikani."