Sifa za Madame Chanda

Vita vya Kivu vilipoleta watoto wakimbizi darasani kwake, Madame Chanda aliapa kutobagua mtu. Kwa hiyo, wazazi wa mtaa wa Bel-Air walipoomba mkutanoni kazi za nyumbani zipunguzwe, alijikaza, akasimama kusema.

"Tuwapunguzie hawa wetu tu. Kyakimwa, yule mtoto mkimbizi, ataziweza zote. Watu wa Kivu hawachoki, wamezaliwa hivyo!"

Ukumbi ukampigia makofi. Chanda, aliyezoea kupigiwa miayo, akainama kama bibi harusi.

Mama Kyakimwa akainua mkono. "Madame, wangu naye iko mutoto. Kila siku analia juu ya hizo kazi."

Chanda alitamani ardhi immeze, lakini sakafu ilikuwa ya saruji.

"Basi zipungue kwa wote, na Kyakimwa pia," alinong'ona, kisha ikambidi arudie kwa sauti, maana wa nyuma hawakusikia.