Nukta Chini ya Rangi

Mara mbili Kalpana alikuwa amefeli mtihani wa kuongoza wageni kwenye jumba la sanaa, na kosa lilikuwa lile lile: alikariri. Bluu ni mwanamke, njano ni mwanamume, mzunguko ni safari ya roho. Aliyatamka maneno hayo mbio kama mtoto anayeogopa fimbo. Leo ilikuwa mara ya tatu, na ya nne haikuwapo.

"Mama Alkesh, ukifeli tena watakupa ufagio," Beatha, jirani yake wa mtaa wa Kingsbury huku ughaibuni, alimtania kwenye treni. Beatha alikuwa anakwenda kujifanya mgeni wa kuongozwa kwenye mtihani huo. "Picha yenyewe ya mtihani ni kama yai lililopasuka!"

"Cheka tu, shoga. Duka nimefungua nikalifunga, mume nimemzika, baridi ya nchi hii imenichapa miaka thelathini. Yai ndilo litanishinda?"

Picha ilikuwa ndefu kuliko mlango. Mama mmoja aliichora zaidi ya miaka mia iliyopita, wenzake wakichora maua na ng'ombe, yeye akisema anachora yasiyoonekana kwa macho. Msimamizi akatazama saa, akampa ishara aanze.

Kalpana akafungua kinywa. Kitabu chote alichokikariri kikamyeyuka kichwani. Akashusha macho kwa aibu, na hapo chini, rangi ya njano ilipopauka, akaona nukta ya penseli. Na nyingine. Na nyingine, safu nzima, sawasawa.

Mikono yake ilizijua kabla yake. Kule Tanga alikokulia, kila Diwali, sikukuu ya taa ya Wahindu, mama yake alimchuchumaza kizingitini wachore rangoli, maua ya unga wa rangi: nukta kwanza, binti, ndipo mstari; ukikosea nukta, rangoli yote imekwenda kombo.

"Inameni," akasema.

"Samahani?" msimamizi akashangaa.

"Inama, mwanangu. Goti la kijana halilii."

Beatha akatangulia kupiga magoti, akiguna; msimamizi akafuata.

"Mnaziona? Watu husema huyu mama alimwaga rangi tu. Hakumwaga, alipima. Sijui kama aliwahi kuona rangoli. Ila kwetu tukichora hivi mlangoni, si pambo: ni njia, mungu apite aingie ndani. Sasa tazameni juu, mniambie: huyu alikuwa anamfungulia nani?"

Msimamizi alibaki pale chini, pua karibu iguse turubai.

"Miaka sita napita hapa," akasema taratibu, "sijaziona." Akainuka, akaandika. "Umefaulu. Jumamosi, saa nne asubuhi, utaongoza wageni ishirini."

"Na wote watainama," Kalpana akajibu.

"Sawa," Beatha akapaza sauti kutoka sakafuni, "lakini kwanza mniinue mimi!"