Cherehani Isiyo na Uzi

Kwa maelezo ya Mama Redio, jirani aliyepewa jina hilo kwa kuwa habari kwake hailali, nyumba ile ya fundi cherehani ina jini mshonaji. Anaapa kwamba juzi mchana kweupe alisikia cherehani inakata mbuga bila kupumua. Akachungulia dirishani aulizie suruali ya mumewe. Fundi kaketi upande mmoja wa kiti, miguu inasukuma pedali, gurudumu linazunguka, na chini ya sindano hamna kitambaa. Uzi hamna!

"Anashona hewa," aliwaambia wenzake bombani, "na mate yanamtoka."

Wakacheka. Mdogo wake fundi, aliyekuwa kwenye foleni na ndoo yake, ndiyo kwanza alikuwa anakinga maji. Aliondoka ndoo ikiwa nusu.

Kwa miezi miwili binti yule alifua nguo za watu uani, masikio yakiwa chumbani. Cherehani ikilia, moyo unatulia. Na kule kliniki ya akili, nesi haulizi mgonjwa, anamuuliza aliyemleta. "Kaka yako anaendeleaje?" Naye hujibu kwa fahari, "Anashona, nesi. Kutwa nzima!" Nesi anaandika kwenye kadi: anafanya kazi, dawa iendelee vilevile. Kisha kaka anashusha suruali, anauma kola ya shati, anachomwa ile dawa nzito kama mafuta, jirani na uvimbe wa mwezi uliopita.

Alipofika kutoka bombani, binti aliusukuma mlango wa chumba. Kaka akainuka, akachechemea hadi ukutani, akarudi, akaenda tena.

"Fungua kabati, kaka."

"La nini?"

"Wewe fungua tu."

Vitambaa vya sare za shule vilikuwa vimekunjwa kama vilivyoletwa. Hata chaki haijavigusa. Wateja waliokuja aliwaambia warudi wiki ijayo, na nani angeshangaa? Fundi ni fundi.

"Kaka, muda wote huu?"

"Miguu haikubali kutulia, mdogo wangu. Nikiizuia, ni kama siafu wanatembea ndani ya mfupa. Kwenye pedali angalau inafanana na kazi." Alijaribu kucheka, ulimi ukamlemea. "Mikono nayo imegoma. Nikipeleka uzi kwenye tundu, tundu linanikimbia kama kuku aliyeona kisu."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuwa nakusikia uani unaimba."

Binti alivishusha vitambaa sakafuni, akavikalia. Yeye ndiye aliyesema anashona. Kwa kinywa chake mwenyewe, mara mbili.

Lakini alikumbuka pia siku ya mkasi, kabla ya kliniki. Kaka alisema vifungo vinamtazama. Akazikatakata nguo zote za wateja, halafu akaugeuzia mkasi mkono wake. Wanaume watano walimfunga kamba pale mlangoni, naye akilia, "Mdogo wangu, waambie mimi ni fundi!"

"Kesho nitamweleza nesi habari ya miguu," alisema. "Huenda wakapunguza dawa. Huenda kuna vidonge vya kuituliza."

"Na wakisema tungoje tuone?"

Binti aliinuka, akatafuta uzi.

"Mwambie waniruke sindano ya mwezi huu. Mmoja tu. Nishone hata sare moja, nijione, kisha wanichome wanavyotaka."

Akajishusha kitini kwa tako lenye nafuu. Miguu ikaanza yenyewe. Binti akachukua uzi, akaulowesha mdomoni, akamshika goti kaka yake mpaka gurudumu likasimama, akaupitisha kwenye tundu. Akatandika kipande cha kitambaa chini ya sindano, akaliachia goti. Mshono ukaenda upogo, ukapinda, ukatoka nje ya kitambaa, na miguu ikaendelea.

"Umenisikia, mdogo wangu?" kaka aliuliza, mate yakimdondoka kwenye kitambaa. "Utamwambia?"

Binti alikuwa ameinamia mshono, anaufumua.