Kisigino cha Mama Pacha

Watu walimsifu Ngurumo kwa unyenyekevu. Walisema, mtazameni mtu aliyejaza viwanja miaka kumi na tano kwa kuimba roki, mtu ambaye picha yake ilibandikwa hadi kwenye milango ya vinyozi, leo amekubali kusimama nyuma ya mwanamke aliyekuwa mwitikiaji wake. Anampigia gitaa la besi, na hata kipaza sauti hana. Huo ndio ukubwa, walisema. Ngurumo aliinamisha kichwa na kutabasamu. Hakuwa mnyenyekevu. Alikuwa anakuwa kiziwi.

Sikio la kushoto lilikufa kwanza, upande ule aliozoea kusimama karibu na maspika. La kulia likafuata polepole, kama taa inayoishiwa mafuta. Daktari wa masikio alimchorea mstari kwenye karatasi: sauti nyembamba huzipati tena, nene utazipata, lakini zaidi kwa mifupa kuliko kwa sikio. Katika onyesho lake la mwisho aliimba wimbo mzima nje ya ufunguo bila kujua, mpaka alipowaona wapiga gitaa wake wakitazamana kama watu walioshikwa na kicheko msibani. Kesho yake alivunja bendi. Aliwaambia amechoka. Ila mtu aliyeishi kwa muziki tangu ana miaka kumi na sita hawezi kukaa nyumbani akitazama ukuta. Besi ndiyo mlango pekee uliobaki, kwa kuwa besi unaweza kuipata kwa nyayo.

Mama Pacha, mwitikiaji huyo wa zamani ambaye sasa alikuwa na bendi yake, alifanyia mazoezi kwenye karakana ya mpiga ngoma wake, seremala waliyemwita Fundi. Sakafu ya karakana ilikuwa ya mbao, imeinuliwa juu ya magogo ili unyevu usipande. Siku ya kwanza Ngurumo alivua viatu, akasema ana miguu ya moto.

"Kaka, angalia misumari," Fundi alimwambia. "Ukichomwa hapa kwangu, mashabiki wako watanichoma mimi na mbao zangu zote."

Kila Fundi alipokanyaga kanyagio la ngoma kubwa, mbao zilimpelekea Ngurumo pigo lile hadi magotini. Huo ulikuwa msaada wake wa kwanza. Wa pili ulikuwa kisigino cha Mama Pacha. Mama Pacha aliimba na gitaa mkononi, na alikuwa na mazoea: kabla ya kuugeuza wimbo aliinua kisigino cha kulia, akakishikilia hewani, kisha akakishusha palepale wimbo unapogeukia. Alifika mazoezini na suruali fupi na kandambili, kwa hiyo kisigino kilionekana wazi. Ngurumo alikikazia macho kuliko waumini wanavyoikazia saa mahubiri yakirefuka.

Hivyo ndivyo alivyoishi miezi minne. Lakini hofu haikumtoka hata siku moja, na ilikuwa na sababu yake. Miaka kumi na moja nyuma, Mama Pacha akiwa na mimba ya hao pacha waliompa jina, alichelewa kuitikia mahali pamoja tu. Ngurumo alisimamisha bendi mbele ya watu waliokuja kutazama mazoezi, akamwambia, "Kama huna masikio, rudi nyumbani ukaoshe vyombo." Watu walicheka. Mama Pacha aliokota mkoba wake akaondoka. Maneno yale, ambayo Ngurumo aliyasahau kabla hata jasho halijamkauka, sasa ndiyo yaliyomwamsha kila alfajiri. Na Mama Pacha naye alikuwa na sheria yake, aliyomwambia kila anayejiunga: "Kwangu mtu akikosa zamu, namaliza wimbo, halafu tunaongea."

Aliyemwambia siri ya masikio yake alikuwa mmoja, dada yake mkubwa, mjane aliyekaa naye nyumba moja na kushona mashuka ya hospitali. Asubuhi ya onyesho lake la kwanza na bendi hiyo alimshika mdogo wake kidevu ili amwone midomo.

"Mwambie."

"Atanitoa."

"Akikutoa utatoka kama mtu mzima. Akigundua mwenyewe utatoka kama mwizi wa kuku."

"Dada, wewe niombee tu."

"Nakuombea kila siku. Lakini Mungu simwombi akufiche. Namwomba akupe mdomo."

Onyesho lilikuwa alasiri, kwenye ukumbi wa chuo cha wauguzi. Ngurumo alifika mapema, akavua viatu, akapanda jukwaani. Akakanyaga. Hakuna kitu. Akakanyaga kwa nguvu zaidi, kwa kisigino, mpaka goti likauma. Jukwaa lilikuwa la saruji, limepigwa vigae, baridi na zito kama kifuniko cha kaburi. Fundi alikuwa ameshafunga ngoma zake na anazijaribu. Mguu wake ulionekana ukipanda na kushuka, lakini nyayoni mwa Ngurumo hapakuja lolote. Alifikiri kumwomba Fundi ubao mmoja wa kusimamia, karakana haikuwa mbali. Ila Fundi angeuliza wa nini, na miguu ya moto haiombi ubao, inaomba vigae.

Akajipa moyo: kisigino bado kipo. Ndipo Mama Pacha alipopita kwenda chumba cha kuvalia, amevaa gauni la buluu lililofagia sakafu mbele na nyuma. Miguu haikuonekana hata ncha.

Ngurumo alisimama pale na besi yake shingoni. Kisha akapiga moyo konde, akamfuata.

Chumba cha kuvalia kilikuwa darasa. Pembeni ilisimama mifupa ya plastiki ya kufundishia, fuvu limevishwa kofia ya muuguzi, mzaha wa wanachuo. Mama Pacha alikuwa mbele ya kioo akibana nywele. Alimwona kiooni, akashusha mikono, akageuka mzima kumtazama.

"Unasemaje, kaka?"

Maneno aliyabeba njia nzima. Mama Pacha, masikio yangu yamekufa, nisaidie. Lakini alipofungua mdomo aliyaona mengine mbele yake, yale ya miaka kumi na moja, yamemkalia mwanamke huyu usoni kama kovu.

"Gauni limekupendeza," akasema.

Mama Pacha alibana pini ya mwisho nywelini. "Asante," akasema. "Saa tisa kamili tunapanda."

Wimbo wa kwanza ulipita. Ulikuwa mfupi, hauna kona, na Ngurumo aliupiga kwa kuhesabu kichwani, macho kwenye mikono ya Fundi. Watu walikuwa wengi. Walipomtambua walisimama na kumnyooshea vidole. Dada yake alikaa safu ya tatu, mkoba mapajani.

Wa pili ndio uliokuwa mrefu. Katikati yake Mama Pacha huacha maneno, akapiga gitaa kadiri roho yake inavyopenda, leo mizunguko minne, kesho tisa, na bendi nzima husubiri ishara yake ndipo iingie sehemu ya mwisho. Ngurumo aliukazia macho upindo wa gauni. Upindo ulicheza huku na huku, lakini wa gauni lolote ungecheza hivyo. Mzunguko wa tatu. Wa nne. Wa tano. Moyo ulimwenda mbio hata akaogopa kuuchanganya na ngoma.

Kisha aliona mabega ya Fundi yamebadilika. Wenzake walikuwa wameshageuka. Yeye alikuwa bado nyuma, anakokota noti za zamani katikati ya wimbo mpya, na hakujua yuko nyuma kiasi gani. Akaruka mbele kwa kubahatisha. Mwanamke wa safu ya kwanza alikunja uso kama aliyeuma limau, na hapo Ngurumo akajua ameruka vibaya. Nyuma ya mwanamke huyo vijana wawili walikuwa wamefungua midomo wakipaza sauti. Kama walikuwa wanamshangilia au wanamfukuza, hakuweza kujua. Ukumbi mzima ulikuwa midomo mitupu. Alimtafuta dada yake. Dada alikuwa amefumba macho, na midomo yake nayo ilikuwa ikienda.

Mama Pacha akageuka.

Alikuja moja kwa moja, gitaa bado linalia mikononi, uso umekaza. Ngurumo alirudi nyuma hatua moja, mgongo ukagusa ngoma. Hayo ndiyo niliyoyapanda, aliwaza. Mkono wake wa kulia ukaacha nyuzi na kwenda kwenye mkanda, auvue kabla hajavuliwa mbele ya watu.

Mama Pacha akamkanyaga mguu.

Kiatu kilikuwa na kisigino kigumu na mguu wa Ngurumo ulikuwa peku. Maumivu yalimpanda hadi kwenye meno. Akadhani ndiyo adhabu yenyewe. Mama Pacha akamkanyaga tena. Na tena. Na tena. Ndipo mwili wake ulipoelewa kabla ya kichwa: moja, mbili, tatu, nne. Mkono ukarudi kwenye nyuzi wenyewe. Kiatu kilipanda, kikakaa hewani kidogo, na kule kukaa alikufahamu kama anavyofahamu hatua za dada yake nyumbani kwao. Kiliposhuka, alikuwa hapo.

Watu waliwaona bega kwa bega, mmoja anamkanyaga mwenzake, wakadhani ni mchezo uliopangwa. Walicheka na kupiga makofi.

Kisha Mama Pacha akaondoka. Ilikuwa lazima aimbe, na kipaza sauti kilikuwa mbele. Ngurumo alibaki na hesabu aliyoachiwa mguuni, akiishika kama mtu anayebeba maji viganjani. Lakini Mama Pacha hakuanza kuimba. Alikibeba kipaza sauti na mguu wake wa chuma, akakileta, akakisimika kando ya Ngurumo. Ukumbi ulilipuka, walidhani Ngurumo ataimba. Naye alikodolea macho kile chuma kama nyoka. Mama Pacha akakivutia kwake, akaimba yeye, mguu juu ya mguu, hadi mwisho wa wimbo, na wimbo uliofuata, na mingine yote.

Baadaye, darasani, Mama Pacha alifunga mlango. Alivuta kiti akakaa mahali taa inapomwangaza usoni, mkabala na Ngurumo, ambaye mguu wake ulikuwa umevimba.

"Tangu lini?" alisema taratibu.

"Hili la kulia, miaka miwili." Ngurumo alimeza mate. "Ulijuaje?"

"Wiki yako ya pili. Ulikuwa umenipa mgongo, unaingiza besi kwenye mfuko wake. Nikakuita mwizi, mara tatu. Ngurumo ninayemjua mimi angenirushia kiatu."

"Mbona hukusema?"

"Nilingoja useme wewe." Alikung'uta vumbi kwenye upindo. "Na gauni hili nililivaa nikijua linaficha nini. Nilitaka uje uniombe. Ukaja, ukaniambia limenipendeza."

"Limekupendeza kweli."

Hakucheka. "Ulipopotea pale, nilifurahi. Mungu anisamehe, nilifurahi kwa muda wa mapigo kama manne. Halafu nikauona uso wako nikaujua. Niliwahi kuuvaa mimi."

Ngurumo alitazama mikono yake. "Siku ile nilikukosea. Tena mbele za watu."

"Ulinikosea, ndiyo."

Ngurumo alingoja Mama Pacha aongeze neno la kumpunguzia. Halikuja. Mifupa yenye kofia iliwatazama wote wawili.

"Kwa hiyo nimetoka?"

"Sheria yangu unaijua. Namaliza wimbo, halafu tunaongea. Tumeongea." Mama Pacha alisimama. "Jumatatu saa nne, karakana. Nitavaa suruali. Lakini wenzako uwaambie mwenyewe. Mimi sitakusemea. Usipowaambia, ndipo umetoka."

Akaenda zake. Ngurumo alibaki amekaa, na hofu aliyodhani imeishia jukwaani ikarudi na kuketi naye, safari hii bila haraka. Jumatatu ilikuwa mbali, angeweza kuvuta pumzi. Ila alijijua. Akingoja Jumatatu, atakuta gauni jingine la kusifia.

Alitoka akichechemea. Kwenye korido dada yake alikuwa amesimama ukutani na viatu vya Ngurumo mkononi. Alimpisha. Mbele kidogo Fundi alikuwa amechuchumaa, anafunga ngoma kubwa kwa kamba, mgongo wake mpana umeelekea huku. Mabega yake yalikuwa yakitikisika. Bila shaka alikuwa akisema jambo, labda mzaha, labda lawama.

Ngurumo alimgusa bega.

"Fundi," akasema, "geuka nikuone. Sijasikia ulichosema."